Nani Anasoma Daftari la Mgodi?

Mto Mkurumudzi unachimbuka Shimba Hills, katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, unapita ubavuni mwa ardhi iliyochimbwa madini ya titani kwa miaka 11, unapita kwenye mashamba ya miwa, kisha unamwaga maji yake Ghuba ya Gazi, kwenye mikoko ya Msambweni. Si mto mrefu. Lakini kati ya mlima na bahari, maji yake yamepita mikononi mwa wapimaji wengi: wachimbaji, wenye miwa, watafiti wa vyuo vikuu, maafisa wa serikali. Swali ni vipimo hivyo vimo kabatini mwa nani, na nani anaruhusiwa kuvisoma.

Mitambo ilipokuwa ikinguruma swali hilo liliweza kungoja. Sasa halingoji. Base Titanium, kampuni tanzu ya Base Resources ya Australia, ilianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, ikapakia shehena yake ya kwanza Likoni Februari 2014, na ikamaliza kuchimba Desemba 2024. Miezi miwili kabla ya kufunga, kampuni mama ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, ambayo mradi mkubwa iliouona katika ununuzi huo uko Toliara, Madagascar. Vijiji vya Maumba na Nguluku vimebaki na ardhi iliyogeuzwa juu chini, bwawa la maji, bwawa la matope laini na ahadi zilizoandikwa. Sehemu kubwa ya kinachojulikana kwa undani kuhusu ardhi hiyo imo ndani ya kile ambacho wataalamu hukiita mfumo wa usimamizi wa mazingira, yaani taratibu, fomu, vipimo, mafunzo na vikao ambavyo kampuni hujiwekea ili ijichunge yenyewe.

Serikali haina budi kuitegemea mifumo hiyo, kwa kuwa haina macho ya kutosha kufanya vinginevyo. Lakini daftari la kampuni huwa chombo cha serikali kwa masharti matatu: serikali ishike nakala na kuiweka wazi, imchague mkaguzi yenyewe, na ishike dhamana ya fedha isiyoondoka na kampuni. Masharti hayo yakikosekana, daftari hubaki la kampuni tu.

Sheria inayomtaka mwenye kiwanda ajipime

Wengi wetu tunadhani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo inayopima moshi, vumbi na maji taka nchini. Sheria haikupangwa hivyo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayojulikana zaidi kama EMCA, inamtaka mwekezaji afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla hajaanza kazi, na ndani ya ripoti yake aeleze atakavyodhibiti kila athari. Akishapewa leseni, kifungu cha 68 kinamtaka atunze kumbukumbu sahihi na kupeleka ripoti kila mwaka kuonyesha ni kwa kiasi gani anatimiza aliyoyaahidi. Kanuni za Tathmini na Ukaguzi za 2003 zinataka ukaguzi ufanywe na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, ila anayewatafuta na kuwalipa ni mwenye mradi. Kanuni za Ubora wa Maji nazo zinamtaka anayetiririsha maji taka awe na leseni, ayapime na kupeleka matokeo.

Maana yake ni kwamba mpango wa kampuni umefanywa kuwa sharti la leseni. Kampuni ikivunja mpango iliouandika yenyewe, imevunja sheria. Serikali haihitaji kutunga kanuni mpya kwa kila mgodi, kila hoteli na kila kiwanda cha sukari. Inamwambia mwekezaji, "Sema utafanya nini, kifanye, kisha tuonyeshe ushahidi."

Mpango huo una mantiki. Chukua kipimo cha vumbi. Ni faneli iliyokaa juu ya chupa, juu ya nguzo, mara nyingi katika uwanja wa shule au karibu na nyumba za wanakijiji. Huachwa hapo mwezi mzima. Vumbi linaingia, mvua inaingia, wadudu na majani makavu nayo yanaingia. Mwisho wa mwezi fundi anaishusha chupa, anaiziba, anaandika tarehe na namba ya kituo, anaipeleka maabara. Maji yanachujwa, kinachosalia kinakaushwa na kuwekwa kwenye mizani ya miligramu. Kazi yote hiyo inazaa namba moja, ya kituo kimoja, ya mwezi mmoja. Afisa wa NEMA wa kaunti, mwenye machimbo ya mawe, vituo vya mafuta, majaa na hoteli za kushughulikia, hawezi kuzungukia kila nguzo. Kampuni inaweza, maana ina gari, ina fundi, ina fedha za maabara.

Lakini kifaa hichohicho kina mianya yake. Nguzo ilisimikwa upande upepo unakotoka au unakoelekea? Mwezi ambao chupa ilipasuka, daftari liliandikwa nini? Namba ilipovuka kiwango, nani aliarifiwa, na baada ya siku ngapi? Kuyauliza maswali hayo ndiyo kazi halisi ya mdhibiti anayetegemea vipimo vya wengine. Muuza samaki wa Msambweni ana mizani yake mwenyewe na hakuna anayeona ajabu. Afisa wa vipimo hashindi sokoni akipima changu na tafi, ila huja kuikagua mizani na kuipiga mhuri, na mnunuzi mwenye shaka ana mahali pa kulalamika. Ukiuondoa mhuri huo, mnunuzi anabaki na neno la muuzaji tu.

Kwale ilitangulia mahakamani

Watu wa Kwale hawakungoja kufundishwa somo hili. Kampuni ya Tiomin Resources ya Canada ilianza kutafiti mchanga wa titani hapa katikati ya miaka ya 1990, kabla EMCA haijatungwa. Sheria mpya ilipoanza kutumika, mradi ulikuwa tayari mbioni. Mwaka 2001 wakazi walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya madai namba 97 ya mwaka huo, wakisema kampuni haijatimiza matakwa ya tathmini ya mazingira. Mahakama ikakubaliana nao na kutoa zuio. Ilikuwa miongoni mwa kesi za mwanzo kabisa kuipima EMCA, na ilionyesha kwamba haki ya kuchimba haitoshi bila kibali cha mazingira.

Tiomin ilipata hati maalumu ya uchimbaji mwaka 2004, familia zikahamishwa, wengine wakapelekwa Bwiti upande wa Lunga Lunga, lakini kampuni haikufika hatua ya kuchimba. Base iliununua mradi huo mwaka 2010.

Hapo akaingia mdhibiti mwingine asiyetajwa sana vijijini, naye ni mkopeshaji. Sehemu ya fedha za kujenga mgodi ilikopwa kwa taasisi za fedha za maendeleo za Ulaya na benki za kibiashara, nazo hukopesha kwa viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Kiwango cha kwanza kabisa katika orodha hiyo, iliyotolewa 2006 na kurekebishwa 2012, kinaitaka kampuni iwe na mfumo wa kusimamia athari za mazingira na za kijamii. Ndiyo kusema mfumo wa mgodi ulijibu pande mbili: Nairobi kwa sababu ya leseni, na wakopeshaji kwa sababu ya deni. Mdhibiti wa pili ana nguvu kwelikweli, kwa kuwa anashika fedha. Lakini deni likilipwa, naye anaondoka.

Wazo lilikotoka

Mfumo wa aina hii haukubuniwa kwa ajili ya serikali. Ulitoka kwenye viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyozoea kusimamia ubora wa bidhaa kwa mzunguko wa kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha. Mwaka 1996 shirika la viwango la kimataifa lilitoa kiwango cha ISO 14001, kilichorekebishwa 2004 na tena 2015. Kampuni inayotaka cheti hicho lazima iwe na sera, ijue sheria zinazoihusu, ijiwekee malengo, ifunze wafanyakazi, ijikague, na wakuu wake wakae kitako kuyapitia matokeo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ISO 14001 haisemi moshi au maji taka yasizidi kiasi gani. Cheti kinathibitisha kwamba kampuni ina utaratibu. Hakisemi mto ni msafi.

Serikali zilivutiwa haraka. Norway ilitoa kanuni mwaka 1991 zinazomtaka kila mwajiri awe na utaratibu wa ndani wa kujichunga kuhusu usalama na mazingira, na wakaguzi wakaanza kuukagua utaratibu huo badala ya kuhesabu makosa mamoja mamoja. Jumuiya ya Ulaya ilianzisha mpango wake, EMAS, mwaka 1993, ikaongeza sharti ambalo ISO haina: kampuni itoe taarifa ya mazingira kwa umma, taarifa iliyothibitishwa na mhakiki aliyeidhinishwa. Nyongeza hiyo ni ya sentensi chache tu, lakini inalitoa daftari kabatini.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2000 shirika lake la mazingira, EPA, lilianzisha mpango ulioitwa Performance Track. Viwanda vyenye mfumo mzuri na rekodi safi vilisajiliwa kama viongozi, vikasifiwa hadharani, na vikapunguziwa ukaguzi wa kawaida. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwishoni mwa 2008 gazeti la Philadelphia Inquirer lilifichua kwamba kati ya waliosifiwa walikuwamo wenye rekodi isiyofanana na sifa zao, na mwaka 2009 serikali mpya ikaufuta mpango wote. Kilichoiangusha Marekani kilikuwa kulegeza macho kabla ya kuhakikisha kwamba vitabu vinasema kweli. Kuwa na mfumo wenyewe hakukuwa kosa.

Fomu ya wiki jikoni Diani

Tuuache mgodi kidogo tupande kaskazini hadi Diani, maana huko ndiko mfumo wa aina hii unakogusa watu wengi zaidi. Kwa miongo mingi Ukunda na Diani zimeishi bila mtandao wa umma wa maji taka. Kila hoteli imebidi ijitafutie njia yake, iwe mashimo ya choo, tangi la kuozesha au mtambo mdogo wa kusafisha maji, juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu, mita chache kutoka visima na bahari ambayo ndiyo mtaji wenyewe. Mbele yake ni Hifadhi ya Bahari ya Diani-Chale, iliyotangazwa mwaka 1995.

Ndani ya jiko la hoteli kuna kisanduku cha kunasa mafuta. Maji ya kuoshea vyombo hupita humo, mafuta yakaelea, maji yakaendelea. Kisipofunguliwa na kukombwa mara kwa mara, mafuta hupita, huziba mabomba, huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya mtambo, na kinachotoka upande wa pili ni maji meusi yenye harufu. Kwa hiyo mfumo wa hoteli unakuwa na fomu: tarehe, saa, kiasi cha mafuta kilichotolewa, sahihi ya mpishi, sahihi ya fundi. Mkaguzi mzoefu haangalii kama fomu imejazwa. Anaangalia kama imejazwa yote kwa wino mmoja, kwa mkono mmoja, tiki juu ya tiki, hata wiki ile ya Krismasi ambapo jiko lilipika mara tatu ya kawaida. Fomu isiyo na kasoro hata moja kwa mwaka mzima inapaswa kumtia shaka. Akishaona hivyo, anaomba kufunguliwa kifuniko.

Kanuni za Ubora wa Maji zinatoa namba ya kumsaidia. Maji taka yanayotolewa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu huihitaji kwa siku tano ili kuula uchafu uliomo. Fomu ni ya kampuni, lakini hiyo 30 ni ya sheria. Mfumo wa hoteli una thamani kwa serikali kwa kadiri unavyoweza kuonyesha njia kutoka kwenye fomu ya jikoni hadi kwenye namba hiyo.

Diani ina pia vyeti vya hiari. Tangu 2002 shirika la Ecotourism Kenya limekuwa likizipima hoteli na kambi na kuzipa daraja za shaba, fedha au dhahabu. Ni jambo jema, na mgeni anayechagua pa kulala hufaidika. Lakini daraja ya dhahabu si leseni, na leseni si daraja. Hatari huja pale afisa anapoona cheti ukutani pale mapokezi akaamua kuipita hoteli hiyo na kwenda kwingine. Ndiyo njia iliyowaponza Wamarekani.

Anayemlipa mkaguzi

Donda lenyewe liko hapa. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA ana taaluma na ana viapo, lakini hundi yake inasainiwa na anayekaguliwa. Akiandika ripoti kali, mwaka ujao kazi inaweza kwenda kwa mwingine. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu yeyote kwa hongo, maana utaratibu wenyewe unamvuta mkono.

Dunia ililiona hilo kwa namna ya kutisha Brazil. Tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma wa kampuni ya Vale lilipasuka Brumadinho na kuua watu 270. Miezi michache nyuma, mwaka 2018, kampuni ya ukaguzi ya Ujerumani, TÜV SÜD, ilikuwa imetoa hati kwamba bwawa ni thabiti. Iliyoiajiri ilikuwa Vale. Bwawa la Kwale halifanani na lile, kwani limejaa matope laini ya mchanga uliotenganishwa kwa maji, sumaku na umeme bila kemikali za sumu. Funzo linahusu karatasi. Hati inayolipiwa na mwenye bwawa haiwezi kuwa kauli ya mwisho kwa watu wanaoishi chini ya bwawa.

Dawa ipo, na imejaribiwa. Katika jimbo la Gujarat, India, watafiti wakiongozwa na Esther Duflo, Michael Greenstone, Rohini Pande na Nicholas Ryan walishirikiana na bodi ya udhibiti wa uchafuzi kubadili mambo machache kwa kundi moja la viwanda. Mkaguzi alipangwa kwa bahati nasibu badala ya kuchaguliwa na kiwanda, alilipwa kutoka mfuko mmoja wa pamoja, na sehemu ya vipimo vyake ilirudiwa na wengine bila yeye kujua ni ipi. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba wakaguzi hao walipunguza kwa asilimia 80 uwezekano wa kuandika kuwa kiwanda kiko ndani ya kiwango ilhali hakipo. Viwanda vyenyewe vikapunguza uchafuzi. Wakaguzi hawakupewa mafunzo mapya ya maadili. Waliondolewa tu kwenye pochi ya mkaguliwa.

Na tusidhani kwamba serikali ikishika kila kitu yenyewe mambo yatanyooka. Kilomita chache kuvuka kivuko cha Likoni kuna Owino Uhuru, mtaa ulioishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kati ya 2007 na 2014, watu wakapata sumu ya risasi. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama walikuwa NEMA na taasisi nyingine za serikali. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha fidia hiyo. Pale hapakuwa na mfumo wa kampuni wa kutegemewa, na macho ya serikali nayo yalifumbwa.

Vipimo vikitoka kabatini

Kwale ina mfano wake wa jinsi daftari la kampuni linavyoweza kuwafaa wengi. Kati ya 2013 na 2019, mradi wa utafiti wa maji ya chini ya ardhi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ukiwashirikisha watafiti wa Kenya na wa Uhispania, ulikusanya pamoja takwimu ambazo kwa kawaida haziketi meza moja: za mgodi, za kampuni ya sukari ya KISCOL, na za pampu za mkono vijijini. Pampu ya Afridev, inayojulikana kote Afrika, ilijaribiwa na kuboreshwa hapahapa Kwale miaka ya 1980. Sasa mipini yake ilifungwa vifaa vidogo vinavyohesabu mwendo wake na kutuma taarifa kwa simu. Ukame wa 2016 na 2017 ulipoingia, watafiti waliweza kutazama mgodi, miwa na vijiji vikinywa kwenye akiba moja ya maji.

Mafanikio hayo hayakuletwa na kipimo kipya kutoka mbinguni. Vipimo vingi vilikuwapo. Kilichobadilika ni kwamba viliwekwa pamoja, na mtu wa nje akavisoma.

Chini zaidi, mto unapofika Gazi, kuna Mikoko Pamoja. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 vinauza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka chini ya kiwango cha Plan Vivo. Mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ukiutazama kwa jicho la makala haya, nao ni mfumo wa usimamizi wa mazingira: kuna mpango, vitalu vya kupimia miti, ripoti ya kila mwaka na mhakiki wa nje. Tofauti ni kwamba ripoti yao imewekwa mtandaoni kwa yeyote kuisoma. Kama wanakijiji wanaoingia matopeni na futi ya kupimia wanaweza kuchapisha hesabu zao kila mwaka, kampuni yenye maabara haina kisingizio.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari, kifungu cha 42 haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Tatizo ni kwamba ripoti ya tathmini hutangazwa mwanzoni, magazetini, ili watu watoe maoni, lakini ripoti za kila mwaka baada ya hapo huingia kwenye faili. Anayezitaka lazima ajue zipo, aandike barua, asubiri. NEMA ingeweza kuzipandisha kwenye tovuti yake, pamoja na namba ghafi za kila kituo, na nakala fupi ya Kiswahili kwa chifu, kwa vyama vya watumiaji maji vya Sheria ya Maji ya 2016, na kwa vikundi vya usimamizi wa fuo. Mvuvi wa Gazi anajua siku gani maji ya mto yalikuja mekundu. Akiwa na jedwali mkononi, anaweza kuuliza kwa nini siku hiyo haimo.

Kampuni ikishaondoka

Mfumo wa kampuni una udhaifu mmoja usiotibika: unaishi kwa watu wa kampuni. Fundi anayeshusha chupa ya vumbi, mhandisi anayesoma mirija ya kupimia kimo cha maji ndani ya ukuta wa bwawa, mtunza kitalu cha miche ya kienyeji, wote ni waajiriwa. Uchimbaji ukiisha, bajeti yao hupungua, na nchi nyingi zimejikuta na mashimo yasiyo na mwenyewe. Ukuta wa bwawa la matope na miti iliyopandwa juu ya mchanga uliooshwa vinahitaji kutazamwa kwa miaka mingi.

Kwa ajili hiyo Sheria ya Madini ya 2016 inataka mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya fedha ya kulinda mazingira, inayotosha kugharamia urejeshaji endapo mwenye leseni hatatimiza wajibu wake. Dhamana ndiyo sehemu ya mfumo isiyoweza kupanda ndege. Mkazi wa Nguluku anastahili kujua kiasi chake, masharti ya kuiachilia, na nani atatia sahihi kwamba ardhi imerudi katika hali iliyoahidiwa. Sheria hiyohiyo iligawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Fungu la jamii lilicheleweshwa kwa miaka. Watu walioshuhudia fungu lililoandikwa kwenye sheria likikwama namna hiyo hawatatulizwa na kuambiwa kwamba mpango wa urejeshaji upo na umeandikwa vizuri.

Na Kwale haijamaliza habari ya migodi. Kusini kidogo kuna Mrima, kilima cha msitu chenye niobi na madini adimu ambayo dunia ya betri na simu inayasaka. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec ya kuchimba hapo. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 baraza hilo liliitupa kesi, likisema leseni iliyopatikana bila kufuata sheria za nchi, zikiwamo za tathmini ya mazingira, haiwezi kudai ulinzi. Mara ya pili, baada ya ile ya 2001, makaratasi ya mazingira ya Kwale yaliamua jambo kubwa.

Mwekezaji mwingine atakuja Mrima, naye atakuja na mfumo mzuri, pengine na cheti cha ISO na mkopo wenye masharti. Apokewe kwa heshima, lakini leseni yake itanguliwe na mambo matatu yaliyoandikwa waziwazi: mkaguzi achaguliwe na NEMA na alipwe kutoka mfuko ambao mgodi unauchangia bila kuugusa, vipimo vyote vichapishwe kila robo mwaka, na dhamana iwekwe benki kabla tingatinga halijashuka kwenye lori, kiasi chake kikijulikana na Bunge la Kaunti. Sehemu kubwa ya hayo inawezekana kwa sheria tulizo nazo, na lililobaki ni kanuni moja kutoka kwa waziri. Kazi ya wawakilishi wa wadi za Kwale ni kuidai sasa, wakati mwekezaji huyo bado hajaweka hata shilingi ya kulalamikia.